Udhaifu wa Mbu wa Maabara

Kila wanapotajwa redioni mbu waliobadilishwa vinasaba, swali huwa lilelile: akiniuma, nitakuwa tasa? Hapana. Anayeuma ni mbu jike. Dume hafyonzi damu, na madume ndio walioachiwa Djibouti mwezi Mei 2024. Hata angekuuma jike mwenye kinasaba cha kupandikizwa, mate yake hayana njia ya kukifikisha kwenye mbegu zako za uzazi. Kila siku tunakula vinasaba vya dagaa na vya mchicha, tumbo linavimeng'enya, basi. Swali hili limejibiwa vya kutosha, na linamaliza muda ambao lingeulizwa swali lenye uzito.

Nyuma ya hofu hiyo kuna imani nyingine, nayo ndiyo inayopotosha zaidi: kwamba mbu wa maabara ni mbabe aliyetengenezwa kuwashinda wenzake. Ushahidi unasema kinyume. Mwaka 2003 Flaminia Catteruccia na wenzake waliwafungia pamoja mbu wa kawaida wa Anopheles stephensi na wale waliopandikizwa vinasaba. Waliopandikizwa walishindwa, vizazi vikipita vinasaba vile vikatoweka. Mbu aliyezalishwa kwa vizazi vingi kutoka ukoo mmoja hudhoofika, na kinasaba kigeni kinaweza kuharibu kingine pale kinapokaa. Mwaka 2007 kundi jingine la watafiti lilipata mbu waliokizuia kimelea cha malaria na kuwashinda wenzao, hadi wakawa takriban asilimia 70 baada ya vizazi 9. Lakini ushindi huo ulipatikana mbu walipolishwa damu ya panya yenye vimelea. Kijijini, mbu wengi hawana kimelea chochote tumboni, kwa hiyo kinga hiyo haiwafaidii kitu.

Wapinzani wa mbu hawa hutaja Jacobina, Brazil, ambako kuanzia 2013 waliachiwa madume wa Aedes aegypti, mbu wa dengi, ambao wazao wao walitarajiwa kufa kabla ya kukomaa. Utafiti wa 2019 ulikuta sehemu za urithi wao kwa mbu wa mtaani, na likaenea dai kwamba chotara hao huenda ni imara zaidi. Kuchanganyika kulikuwa kweli, wala hakukuwa jambo la kushangaza: maabara ilikwisha kuonyesha kwamba wazao 3 hadi 4 kati ya 100 huponea. Uimara ndio uliokosa kipimo, na mwaka 2020 jarida lililochapisha makala ya utafiti huo lilitoa tahadhari kuihusu. Wanaoendelea kuinukuu bila kuitaja tahadhari hiyo wanawatendea vibaya wasikilizaji wao.

Pingamizi linalostahili heshima liko kwingine. Kwa kuwa mbu hawa ni dhaifu, wanasayansi wamebuni njia ya kumfanya mbu akirithishe kinasaba kwa karibu wazao wote badala ya nusu, kisambae hata kama kinamdhoofisha. Katika Imperial College London, mwaka 2018, njia hiyo iliangamiza mbu wote wa vizimbani katika vizazi 7 hadi 11. Kinasaba cha aina hiyo kikitoka nje hakitasimama mpakani kugongewa pasi. Hapo hofu ina msingi, na ndiyo maana mbu hao bado wamefungiwa. Walioachiwa kijiji cha Bana, Burkina Faso, mwaka 2019 walikuwa madume tasa wasio na uwezo huo. Hata hivyo, Agosti 2025 serikali ya nchi hiyo ilisimamisha mradi mzima wa mbu hao. Kizimba pia hakithibitishi mambo ya kijijini, ambako dume lazima ampate jike kwenye kundi la mbu wanaorukaruka jua linapotua.

Kwa leo, kinga dhidi ya malaria ni zile zile: lala ndani ya chandarua chenye dawa, weka wavu madirishani, fukia madimbwi au yatiwe dawa ya kuua viluwiluwi, mpeleke mtoto akapate chanjo inapotolewa, ukipata homa pima malaria siku hiyohiyo, na ukikutwa nayo maliza dozi ya dawa mseto. Malaria iliua watu wapatao 597,000 duniani mwaka 2023, wengi wao watoto wa Afrika. Mradi wa mbu ukifika wilayani kwako, nenda mkutanoni ukaulize mambo matatu: dume wao anaishi siku ngapi porini, kinasaba chake kitakwisha chenyewe au kitasambaa, na nani ana mamlaka ya kuusimamisha. Usikubali kupiga kura kabla ya kujibiwa.