Kwa nini waya wa umeme ulioanguka huweza kubaki hai

Asubuhi ya Februari 2, 2022, waya wa umeme wa msongo mkubwa ulikatika na kuangukia soko la Matadi-Kibala, magharibi mwa Kinshasa, mji mkuu wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Mvua ilikuwa imenyesha, na maji yalikuwa yametuama sokoni. Watu 26 walifariki dunia, wengi wao wakiwa wanawake waliokuwa katika biashara zao.

Kila unapotokea msiba wa aina hii, huulizwa swali lile lile: je, umeme haukupaswa kujikata wenyewe mara waya ulipogusa chini? Jibu hutegemea sana namna transfoma ilivyounganishwa na ardhi.

Katika mazungumzo yetu, kila hitilafu ya umeme huitwa "shoti". Neno hilo latosha pale nyaya mbili zinapogusana, lakini linaificha hitilafu iliyo ya kawaida zaidi, yaani waya mmoja kugusa ardhi, ama kwa kukatika, ama kwa kuguswa na tawi la mti.

Umeme hutoka kwenye transfoma na sharti upate njia ya kurudi huko huko. Transfoma nyingi za mitaani zina waya wa shaba unaotoka kwenye nyutro hadi kwenye vyuma vilivyochimbiwa ardhini. Waya wa juu ukianguka, umeme hupita udongoni na kurudi kwa njia hiyo. Njia ikiwa nzuri, mkondo huwa mkubwa. Fyuzi huungua au swichi hujikata papo hapo. Kwa hiyo, wezi wanaokata shaba hiyo ili waiuze hawaibi chuma chakavu tu. Huiondoa njia ya kurudi, na zaidi ya hayo, umeme wa majumbani huweza kupanda na kushuka ovyo hata ukaunguza vyombo.

Ipo pia mifumo ambayo transfoma haikufungwa na ardhi hata kidogo. Humo, waya mmoja ukigusa chini, mkondo unaopita huwa mdogo na kazi huendelea. Ndiyo maana mfumo huo hutumika melini na katika vyumba vya upasuaji, ambako umeme kukatika ghafla ni hatari kubwa. Lakini utulivu huo una gharama yake. Katika laini ya kilovolti 11, kila waya huwa na takriban kilovolti 6.35 ukilinganishwa na ardhi. Mmoja ukishagusa chini, zile mbili zilizobaki hupanda hadi 11, na vikombe vinavyozishikilia nguzoni hubeba mzigo usio wa kawaida. Hitilafu ya pili ikitokea kabla ya ile ya kwanza kurekebishwa, hapo ndipo shoti halisi hulipuka.

Mhandisi Mjerumani Waldemar Petersen alibuni njia ya kati zaidi ya miaka 100 iliyopita: koili inayounganisha nyutro na ardhi, ambayo huufifisha mkondo wa hitilafu. Jimbo la Victoria, Australia, liliigeukia teknolojia ya asili hiyo baada ya mioto ya Februari 7, 2009 iliyoua watu 173. Moto ulioua wengi zaidi, wa Kilmore East, ulianzia kwenye waya wa umeme uliokatika.

Hata transfoma iliyofungwa vyema na ardhi haitoi hakikisho. Waya ukiangukia mchanga mkavu au lami, mkondo huweza kuwa mdogo kiasi kwamba swichi hauutambui. Waya hulala kimya, bila cheche, ukiwa hai.

Na si lazima uuguse ndipo udhurike. Nguvu ya umeme hupungua udongoni kadiri unavyokwenda mbali na waya, hivyo mguu mmoja ukiwa karibu zaidi kuliko mwingine, tofauti hiyo hupita mwilini. Mwenye kujikuta karibu na waya ulioanguka aondoke kwa kuburuza nyayo, miguu ikiwa imekaribiana, hadi umbali wa mita 10 au zaidi, akiyaepuka maji. Aliye ndani ya gari lililoangukiwa na waya abaki humo, isipokuwa limeshika moto, mpaka wahusika wa shirika la umeme wathibitishe kwamba laini imezimwa.