Nyoka Mchanga Akikataa Panya, Tazama Baridi Kwanza

Mpwa wangu anayeishi Umoja, Nairobi, alinipigia simu usiku mmoja wa mwezi wa saba. "Mjomba, nyoka hali."

Anafuga nyoka wa nyumbani, yule wa kahawia mwenye mistari myeupe ubavuni mwa kichwa, asiye na sumu. Wengi wetu Pwani tumewahi kumkuta stoo akifuata panya. Huyu wake bado mchanga, hajafikia urefu wa rula ya shule. Alizoea kula mjusi kafiri, na sasa akipewa kitoto cha panya anakitazama tu.

Swali langu la kwanza halikuwa la chakula. "Una kibali?" Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 hairuhusu mtu kufuga nyoka wa porini nyumbani bila kibali, na msimamizi wake ni Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS. Akanitumia picha ya karatasi, nikatulia. Msomaji, kama wewe huna, usianze na sanduku. Na nyoka uliyemuona kichakani usimguse ukidhani unamjua: kitoto cha swila au bafe kina sumu tangu siku kinapozaliwa. Huku kwetu wako watu wa Bio-Ken, Watamu, kituo alichokianzisha James Ashe mwaka 1980, wanaojua kazi ya kumuondoa nyoka pasipo mtu kuumia.

Sasa tuje kwenye chakula. Nyoka hatafuni, humeza kizima. Kwa mchanga wa aina hii mjusi ni mwembamba, anapita kooni vizuri, na panya humjia akishanenepa. Kwa hiyo anayembadilishia chakula anaharakisha tu jambo ambalo lingekuja lenyewe. Sababu ya kuharakisha ipo. Umoja si Malindi, ambako magharibi ikiingia mijusi wamejaa ukutani kwenye taa. Tena mjusi wa ukutani mara nyingi ana minyoo.

Mpwa wangu alikuwa na hesabu yake: panya wa ploti wako tele, atege mmoja. Nikamkataza kwa ukali. Sumu ya panya inauzwa mitaani kama peremende, na nyingi haiui papo hapo. Panya aliyeila hukaa siku kadhaa akizubaa, na huyo anayezubaa ndiye rahisi kumkamata. Nyoka akimmeza amemeza na sumu. Wapewe panya waliofugwa, basi.

Nikamuuliza sanduku liko wapi. Liko sakafuni, juu ya simiti, karibu na dirisha. Mwezi wa saba, Nairobi! Usiku kule joto hushuka hadi nyuzi kumi na kitu. Nyoka hana joto lake mwenyewe; tumbo lake hufanya kazi kwa joto la nje. Akila akiwa baridi, chakula huoza tumboni na hutapika. Kukataa kwake kulikuwa akili, si kiburi. Upande mmoja wa sanduku uwe nyuzi 28 hadi 30, mwingine ubaki poa ili achague mwenyewe, na kipimajoto kiwepo. Kukisia kwa mkono hakutoshi. Mkeka wa umeme uwekwe chini ya sanduku kwa nje, wenye kidhibiti cha joto. Balbu ya ndani humuunguza. Stima ikipotea, chupa ya maji moto iliyofungwa kitambaa itasaidia kwa saa chache.

Akishapata joto siku tatu nne, ndipo umjaribu kwa harufu. Ulimi ule anaoutoa na kuurudisha unabeba harufu na kuipeleka kwenye kiungo kilicho juu ya kaakaa. Mwaka 1967 Gordon Burghardt wa Marekani alichapisha jaribio lake: nyoka wachanga ambao hawajawahi kula chochote waliletewa pamba zenye harufu za wanyama mbalimbali, wakazishambulia zile za chakula cha jamii yao. Harufu ndiyo inayomwambia hiki ni chakula.

Kwa hiyo chukua kitoto cha panya kilichokufa, kile chekundu kisichoota manyoya, kisizidi unene wa nyoka mwenyewe. Kama kimegandishwa, kiyeyushe kwa maji ya vuguvugu, usikipike. Kisugue kwa mkia ambao mjusi ameuangusha. Kiweke jioni mlangoni mwa maficho yake, uzime taa, uondoke. Usimchokoe. Asubuhi kikiwepo kitupe, usubiri siku tano hadi saba. Akikila, mwache saa 48 bila kumshika, na mara inayofuata sugua kidogo zaidi. Usipunguze harufu na kuongeza ukubwa kwa pamoja. Osha mikono kwa sabuni, na panya wasikae friza moja na samaki wa familia. Mke wa mpwa wangu alishatoa hukumu hiyo kabla yangu.

Mpime kwa mizani ndogo kila wiki. Akipungua mfululizo, mrudishie mjusi kwanza. Kumlisha kwa nguvu ni kazi ya daktari wa mifugo anayejua nyoka, maana koo hupasuka upesi.

Wa Umoja alikubali jaribio la tatu. Juzi amekula kitoto cha nne, bila harufu ya mjusi. Jana simu tena: macho ya nyoka yamekuwa meupe, na amekataa kula. Nikamwambia asimpe kitu. Anajivua gamba.