Kuongozwa "na waya" au kuongozwa "kwa waya"?

Swali: Mtu anayetafsiri mwongozo wa programu ya kompyuta inayoiga urubani wa helikopta za kivita aandike "kombora linaloongozwa na waya" au "kombora linaloongozwa kwa waya"?

Jibu kwa ufupi: Aandike kwa waya. Viunganishi hivi viwili havibadilishani nafasi hapa, na anayekosea atampotosha msomaji.

Kanuni

Katika sentensi ya kutendwa, na humtaja mtenda, na kwa hutaja kifaa au njia. Viwili hivi vyaweza kukaa pamoja:

– Mboga za Mgeta huletwa sokoni Morogoro na wachuuzi kwa magari.
– Mti ulikatwa na mkulima kwa shoka.

Anayesema "mti ulikatwa na shoka" hulifanya shoka kuwa mtenda. Kauli ya namna hiyo hukubalika pale ambapo hapakuwa na kusudi la mtu, kama katika "nimekatwa na kisu" au "daraja limesombwa na mafuriko". Kwa hiyo "kuongozwa na waya" maana yake ni kwamba waya ndio unaojua kombora liende wapi.

Waya hufanya nini hasa?

Mfano mzuri ni kombora la HOT, lililobuniwa na Ufaransa na Ujerumani, ambalo helikopta ya Gazelle hulibeba katika programu ya DCS World. Linapofyatuliwa, nyaya nyembamba zilizoviringishwa ndani yake hujikunjua huku likiruka, nazo hubaki zimeliunganisha na helikopta. Mlengaji huishikilia alama ya darubini juu ya shabaha. Mitambo hupima ni kiasi gani kombora limepotoka kwenye mstari huo wa macho, kisha amri ya kulirekebisha hupita katika waya. Safari ya mita 4,000 huchukua takriban sekunde 17, na kwa muda wote huo alama isiondoke kwenye shabaha.

Mtenda, basi, ni mlengaji. Darubini, mitambo na waya ni vifaa vyake. Sentensi kamili ni hii: "Kombora huongozwa na mlengaji kwa waya."

Tuseme zoezi limewekwa katika mandhari ya Uluguru. Helikopta imejificha nyuma ya mgongo wa mlima, inachomoza, inafyatua kombora kuelekea shabaha iliyo bondeni upande wa mji wa Morogoro. Mwanafunzi aliyesoma "na waya" atageuza helikopta mara moja arudi mafichoni, akiamini kwamba waya utamaliza kazi. Kombora litapotea. Aliyesoma "kwa waya" atajua kwamba kazi yake ndiyo kwanza inaanza: ukungu ukishuka na kuifunika shabaha, hana la kuongoza; waya ukikwama mitini na kukatika, amri hazifiki.

Hapo ndipo tofauti ya vitenzi inapoonekana pia. Kufyatua ni tendo la mara moja, la kukiachia kilichozuiliwa. Kuongoza ni tendo linaloendelea. Tafsiri isimezeshe la pili ndani ya la kwanza.

Maneno ya jirani

Roketi, katika matini za kiufundi, ni ile isiyoongozwa: ikishatoka haigeuzwi. Kombora linaloongozwa hupokea amri njiani. Kombora linalojiongoza hutafuta shabaha lenyewe baada ya kufyatuliwa. Kiambishi -ji- ndicho kinachobeba maana hiyo. Mzinga ni silaha inayobaki mahali pake huku risasi yake ikienda, hivyo haufai kuwa tafsiri ya kombora. Wenyeji wa Morogoro hulisikia neno hili katika jina la Shirika la Mzinga, linalotengeneza zana za kijeshi, na vilevile kwa warina asali, ambao mzinga wao ni gogo lililotobolewa.

Nje ya mchezo

Makombora ya aina hii si ya kwenye kompyuta tu. Jeshi la Kenya lilikuwa na helikopta za Hughes 500MD zilizobeba makombora ya TOW, ambayo nayo huongozwa kwa waya. Mfasiri wa habari za vita hukutana na suala lile lile. "Gari liliteketezwa na kombora" ni sentensi sanifu, lakini imekwisha kumpata mtenda, na mtenda huyo ni chuma. "Gari liliteketezwa kwa kombora" huacha nafasi ya mtenda wazi, na msomaji ana haki ya kuuliza: na nani? Ikiwa matini asilia imemtaja, tafsiri nayo imtaje.