Imani kama Chambo: Maana na Matumizi ya Neno la Kiingereza “Con”

Neno “con” ni miongoni mwa misimu ya Kiingereza inayohusu udanganyifu. Aghalabu hufasiriwa kwa kitenzi “danganya”. Fasiri hiyo si kosa, lakini huacha nje kiini cha neno, yaani njia ambayo udanganyifu wenyewe hupitia. Makala haya yanafafanua asili ya neno hilo, matumizi yake, na visawe vyake katika Kiswahili.

Kihistoria, “con” ni ufupisho wa “confidence”, yaani imani. Mwezi Julai 1849, gazeti la New York Herald liliripoti kukamatwa kwa mtu aliyejulikana kwa jina la William Thompson. Mtu huyo, aliyekuwa na mwonekano wa kiungwana, aliwaendea watu asiowajua mitaani, akazungumza nao kana kwamba wanafahamiana, kisha akawauliza iwapo wanamwamini kiasi cha kumwachia saa zao hadi kesho yake. Waliokubali, aliondoka na saa zao. Gazeti lilimwita “Confidence Man”, na mwaka 1857 Herman Melville aliitumia istilahi hiyo kuwa anwani ya riwaya yake.

Kimofolojia, “confidence” lina asili ya Kilatini: kiambishi awali “con-” na mzizi “fid-”, wenye maana ya kuamini. Lilipofupishwa, kilichobaki ni kiambishi. Mzizi uliobeba imani ulidondoshwa. Hivyo, umbo la neno halimwonyeshi tena msikilizaji kwamba imani ndiyo chombo cha kitendo hicho. Aidha, neno hili lisichanganywe na “con” lenye maana ya hoja pinzani, litokanalo na “contra”, wala “con” lenye maana ya mfungwa, litokanalo na “convict”.

Kimatumizi, “con” ni nomino na pia kitenzi. Mtu huweza kufanyiwa “con” akatoa mali yake, au akakubali jambo ambalo asingelikubali. Katika hali zote mbili, mdanganywa hutenda kwa mkono wake mwenyewe. Mwanaisimu David Maurer, aliyechunguza lugha ya matapeli wa Marekani katika kitabu chake The Big Con (1940), alitofautisha hila ndogo, inayochukua fedha alizonazo mtu wakati huo, na hila kubwa, ambapo mtu huyo hutumwa akalete nyingine. Anayerudi na fedha hizo hajalazimishwa, ameamini.

Kiswahili kina msamiati mpana wa udanganyifu, na kila usemi huuweka udhaifu wa mdanganywa mahali pake. “Kupigwa changa la macho” huuweka katika kuona. “Kuuziwa mbuzi kwenye gunia” huuweka katika kutokagua. “Kuingizwa mjini” huuweka katika ugeni na ushamba. “Kuvishwa kilemba cha ukoka” huuweka katika kupenda sifa. Neno “hiana” ndilo linalogusa imani waziwazi, lakini hudai uhusiano uliokuwapo kabla, kama isemavyo methali: kikulacho ki nguoni mwako. Katika “con”, uhusiano huo hujengwa kusudi ili uvunjwe.

Kisawe kilicho karibu zaidi ni “tapeli”, pamoja na kitenzi “-tapeli”, kwa kuwa hubeba nia ya kujipatia mali kwa hila. Kinatosha katika habari za kawaida. Hata hivyo, pale ambapo namna ya kutenda ina uzito, kama vile katika maelezo ya mahakamani au katika fasiri ya kazi za fasihi, mfasiri hana budi kuongeza kile ambacho neno halikitaji: “alimjengea imani, kisha akamtapeli”.

Uteuzi huu si suala la mtindo tu. Anayeelezwa kuwa “ameingizwa mjini” huchekwa, na mwenye kuchekwa huona haya kushtaki. Anayeelezwa kuwa imani yake ilitekwa hubaki mtu aliyedhulumiwa. Mfasiri anapochagua kati ya semi hizo mbili, huamua pia lawama itamwangukia nani: aliyeamini, au aliyeifanya imani kuwa chambo.