Fahamu: Kupeleka mafaili kwenye seva ya mbali kwa usalama
Itifaki kongwe ya FTP, iliyoasisiwa mwaka 1971, husafirisha nywila ya mtumiaji waziwazi, hata kila mwenye kudukiza njiani aweza kuisoma. Na ni wizi wa nywila wa namna hiyo, uliotokea katika mtandao wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Helsinki, nchini Ufini, uliomsukuma mtafiti Tatu Ylönen kubuni itifaki ya SSH mwaka 1995. Juu ya msingi huo ikajengwa itifaki ya kupeleka mafaili, SFTP, ambayo hufumba kila kitu, tangu nywila hata faili lenyewe, na kwa desturi hupitia lango namba 22.

Lakini kufumba siri hakufai kitu iwapo mpokeaji ndiye hasimu: kompyuta yako ikutanapo na seva mara ya kwanza, hukuonyesha alama ya ufunguo wa seva hiyo, na wengi, kwa pupa isiyo na udhuru, hukubali bila kutazama. Ilinganishe kwanza na ile uliyopewa na msimamizi wa seva.