Mkanda: Nilipolipa Kuonyeshwa Mti wa Dari Yetu

Naanza kwa kuungama. Juma lililopita mimi, mtoto wa Amu, nilitoa pesa kama mtalii wa Ulaya ili nitiwe mashuani nikaonyeshwe mikoko. Wenzangu wa barazani walipopata habari walicheka wakashika mbavu. "Shekhe, kesho utalipa uonyeshwe punda!"

Lakini nilikuwa na hoja yangu. Mimi nimekulia chini ya boriti. Chuoni, nilipochoka kukariri juzuu, niliinua macho nikazihesabu darini, na hesabu yake naikumbuka hadi leo: thelathini na mbili. Mti wenyewe ungali hai, matopeni, sikupata kuutazama kwa makini hata siku moja.

Tuling'oa gatini saa mbili ya asubuhi, maji yakijaa. Safari ya Mkanda haina hiari. Mkondo ule mwembamba, ulio kati ya kisiwa cha Manda na bara, hupitika vyema maji yakiwa mengi, na mwenye kuchelewa hukaa juu ya tope akangoja, au huzunguka kwa nje baharini. Chomboni tulikuwa watatu: mimi, kijana mwenye kutembeza wageni, na nahodha, ambaye ni mjomba wake.

Kijana alikuwa hodari wa maneno. Alinieleza kwamba Lamu ina zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya. Kwamba aina zake ni 9. Kwamba mizizi yake ni malezi ya samaki, kaa na kamba, na tope lake hufungia hewa ya kaboni kwa miaka mingi mno. Yote ni kweli, na alhamdulillahi vijana wetu wanayajua. Nikamwonyesha mti uliozungukwa na vijiti vilivyochomoza topeni kama penseli zilizopandwa. Huu waitwaje?

"Mkoko, mwalimu."

Na ule ulioingia majini?

"Mkoko." Akacheka kidogo. "Yote ni mikoko, mwalimu."

Mjomba wake, aliyekuwa kimya nyuma na usukani, hakuvumilia. "Huo ni mchu," alisema. "Ule wa majini ni mlilana, hutoa mataruma ya vyombo. Mkoko ni huu wenye magoti." Akazima mashini, akashika pondo, na hapo ndipo safari yangu ilipoanza.

Kumbe mzee alikuwa mkata boriti. Alinionyesha mkandaa, ambao gome lake hutia rangi. Mkomafi, wenye tunda la mviringo kama mpira. Na tunda la mkoko lililochipuka lingali juu kwa mamake, refu kama mkuki, likingoja kuanguka na kujichoma topeni. "Mtoto huyu," alisema, "hazaliwi ila ameshajua kusimama."

Zamani zake walitoka kwa jahazi wakakaa vijitoni majuma kadhaa, na maji ya kunywa mapipani. Walikata maji yakipwa, wakapakia yakijaa. Hesabu ilikuwa kwa korija, miti 20, na kila unene una jina lake: fito, pau, boriti, nguzo. Urefu wa boriti ndio uliotupimia vyumba vyetu vya mawe, virefu na vyembamba. Mwashi hakuwa na la kusema. Majahazi ya Arabuni yaliletwa na kaskazi, yakarudi na kusi yamejaa boriti. Watu wa Ghuba huziita chandal, na nyumba za kale za Kuwait na Bahrain zina vyumba vyembamba kama vyetu, kwa sababu ni ile ile.

Mwaka wa 1982 Serikali ilipiga marufuku kuuza boriti nchi za nje. Baadaye hata ukataji wa humu nchini ukabanwa kwa vibali. Nikamwuliza mzee kama anajuta.

"Mwalimu, sisi tuliambiwa shoka letu ndilo limalizalo msitu..."

Hakumaliza. Mikoko ilifunguka, tukatokea ghuba ya Manda, na mbele yetu zikasimama winchi za bandari mpya ya Lamu, ambayo gati lake la kwanza lilifunguliwa mwaka wa 2021. Ili ijengwe, bahari ilichimbwa na mikoko ikaondolewa. Wavuvi walishtaki, na mwaka wa 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamua walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76, wavuvi wapatao 4,600. Mimi sina ugomvi na bandari. Watoto wetu wataka kazi. Ila mtu aitaye miti tisa kwa jina moja aweza kupotezewa minane asijue.

Mzee aliziangalia winchi, kisha akaangalia maji. "Yataka kurudi," akasema, akageuza chombo.

Njia nzima ya kurudi kijana hakusema mengi. Tulipofika gatini alinipa karatasi. "Mwalimu, niandikie majina." Nikaandika: mkoko, mkandaa, muia, mchu, mlilana, mkomafi. Kalamu ikasimama. Mtu mzima, mshairi, na matatu yamenishinda! Mzee alikwisha tutangulia, kwani Adhuhuri ilikuwa imeadhiniwa. Tukatawadha tukaingia msikitini, na baada ya salamu na dua kijana akamsogelea mjomba wake, karatasi mkononi.

"Kikandaa," mzee akamnong'oneza. "Msikundazi. Na mkomafi dume. Andika."