Herufi ni Zile Zile

Jioni moja nilikaa barazani na shangazi yangu, nikamhadithia habari niliyoisoma, ya kwamba njaa ya mama mjamzito huweza kuacha alama mwilini mwa mtoto. Nikidhani namstarehesha. Akaweka kikombe chini, akaniuliza, "Basi mwanangu, hii sukari ya kijana wangu, ni mimi niliyempa?"

Sikuwa na jawabu. Nilikuwa nimeitoa habari nusu.

Habari yenyewe ni ya Uholanzi. Septemba 1944 wafanyakazi wa reli waligoma, na Wajerumani waliokuwa wameiteka nchi wakazuia chakula kisifike magharibi. Baridi ikaingia. Mgao wa chakula katika miji kama Amsterdam ukashuka chini ya kalori 1,000 kwa siku, watu wakala hata vitunguu vya maua ya tulipu. Maelfu walikufa kabla nchi haijakombolewa Mei 1945.

Mwaka 2008 Bastiaan Heijmans, L. H. Lumey na wenzao walitangaza uchunguzi wa damu ya watu 60 ambao mimba zao zilitungwa katika njaa ile, wakiwalinganisha na ndugu zao wa tumbo moja. Kwenye jeni ya IGF2, inayohusika na ukuaji, alama za kikemikali ziitwazo metili zilikuwa pungufu, miaka 60 baadaye. Waama, uchunguzi ule ulionyesha alama; haukusema kwamba alama hizo ndizo zilizomletea fulani maradhi. Hapo ndipo nilipoteleza mimi, na magazeti mengi pia. Mwaka 2014 Sarah Richardson na wenzake waliandika katika jarida la Nature kuonya kwamba habari hizi zikitolewa ovyo, lawama humwangukia mama.

Nilirudi kwa shangazi na karatasi. Nikaandika be mbili za Kiarabu, bila irabu. Nikatia fataha: baba. Nikatia kasiri: bibi. Nikatia dhuma: bubu. Akasoma zote bila kusita. Chuoni hakuenda bure. Nikamwambia jeni ni herufi, na alama zile ni kama irabu. (Mfano una kasoro: irabu hugeuza neno, na alama za jeni aghalabu hupandisha au kushusha sauti yake tu.) Na sukari ina sababu nyingi, hakuna apimaye damu ya kijana wake akasema hii imetoka kwa mama.

Akanyamaza kidogo. "Na hao mama wa Kiholanzi," akauliza, "chakula walikikataa wenyewe?"

"La, shangazi. Walinyimwa."

"Ungeanzia hapo," akasema, akanimiminia kahawa.